Springi za Lori

Gari la Abdinur lilikuwa na maringo, na aliyelitia maringo hayo ni yeye mwenyewe. Magari mengine yaliyofika soko la mifugo la Garsen yalikuja yamelala nyuma, pua juu, yakiburura matumbo karibu na vumbi. Lake, hata mbuzi washindiliwe mpaka wakanyagane, lilisimama mkia juu. Ilikuwa pikapu ya zamani ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, rangi imepauka mpaka huwezi kusema ilikuwa kijani au buluu, na mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba. Lakini nani alitazama mlango? Pale sokoni gari hutazamwa nyuma. Mwenye mbuzi wake hana habari na injini. Huzunguka, huinama, hupima kwa jicho nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi, na hapo hapo huamua kama gari hili ni la kupakia mali au la kuaibisha watu njiani.

Mkia ule ulisimamishwa na Wako, fundi mwenye banda kando ya barabara, mahali ambapo magari yaliyokufa husubiri kunyofolewa viungo. Springi za nyuma za pikapu zilikuwa zimechoka. Yale majani yake ya chuma, yaliyopangwa moja juu ya jingine, yalikuwa yamenyooka yakapoteza mkunjo. Wako aliyaongezea majani mazito aliyoyatoa kwenye lori lililopinduka zamani, akayakalisha juu ya yale ya mwanzo. Mafundi huyaita helpa, maana kazi yake ni kusaidia.

"Sasa ona, mzee," Wako alimwonyesha, amechuchumaa kando ya tairi. "Hii ya juu mimi nawachia nafasi. Gari ikiwa tupu, haigusi kitu, inakaa tu. Ikibeba mzigo, inashuka, inapata hii, inashikwa."

Ilikuwa kazi nzuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: kabla ya helpa kushika, mkia ulishuka kidogo, si zaidi ya upana wa kiganja. Siku ya kwanza Abdinur alipofika sokoni na mzigo, muuza ng'ombe mmoja alisema kwa sauti, "Leo Abdinur naye amechoka, amekaa kitako," na watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha sokoni, cha kupita. Abdinur hakukiacha kipite. Alirudi kwa Wako siku ile ile, uso umekunjamana, akataka ile nafasi iondolewe na helpa ikazwe iwe kitu kimoja na springi, isishuke hata gari likipakiwa nyumba.

"Ikiwa tupu itakurusha, mzee," Wako alisema. "Hii ni chuma ya lori. Yenyewe inataka uzito wa lori."

"Wako, hebu niambie. Nani huku anaendesha gari tupu?"

Wako akachukua spana.

Na kwa kweli hakuna. Katika nchi ile ya Tana, gari likionekana linatoka, watu hutoka majumbani na vibuyu vya maziwa, magunia, kuku, wagonjwa na wazee wenye safari zao. Gari tupu ni gari la mtu mwenye roho mbaya. Kwa hiyo Abdinur aliendesha likiwa limejaa, na likijaa lilitulia, na sifa yake ikavuma kutoka Kipini hadi Bangale. Alikula vizuri. Alimwozesha binti yake, Abdia, kwa kijana mtulivu anayeitwa Roba, akachinja fahali bila kuuliza bei.

Abdia alipopata mimba ya kwanza, alirudi kukaa kwa mama yake, Darmi, ili ajifungulie mikononi mwake. Mimba ilimsumbua mapema. Baba yake alimpeleka kliniki Garsen, na huko muuguzi akawaeleza polepole, mara mbili, ili waelewe: kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango ambao mtoto anatakiwa kupitia. Asibebe maji. Asitikiswe. Mwezi wa mwisho usimkute kijijini. Akae Garsen, karibu na msaada, kwa sababu huyu hatazaa kwa njia ya kawaida, na damu ikianza haitangoja mtu.

Siku hiyo, kwa kumwonea huruma bintiye, Abdinur alikataa abiria wote. Alitaka Abdia apate nafasi, apate hewa. Ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi kuliendesha gari lile tupu kutoka lami hadi kijijini, na lilifanya kama Wako alivyosema. Kila shimo lilipokelewa na chuma na kurudishwa kwenye mgongo wa mtu. Mawe madogo ambayo mwenye kupakia mbuzi hayajui, siku hiyo yalijulikana moja moja. Abdia alishikilia dashibodi kwa mikono miwili, midomo imemkauka.

"Baba," alisema walipofika, bado hajashuka, "gari lako linapiga watu."

Abdinur alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Nitazitoa hizi springi, mama. Kabla sijakurudisha Garsen, Wako atakuwa ameshazitoa. Utalala njiani kama uko kitandani."

Alisema kwa moyo wake wote. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye wapo waliosema aliipenda helpa kuliko mwanawe, na huo ni uongo wa watu wasiokuwa na kazi. Alimpenda. Ila Siyad, mfanyabiashara mwenye duka Bangale, alimtafuta wiki hiyo hiyo: unga, mafuta ya kupikia na sukari vimekwama Garsen, na duka limebaki rafu tupu. Mzigo ule haukubebeka bila helpa. Nikirudi tu, Abdinur alijiambia. Nikirudi tu nazitoa. Maneno mepesi sana hayo, mtu huyasema huku anafunga turubai.

Barabara ya Bangale ilimtesa, akachelewa. Aliporudi, ukame uliokuwa umewachosha watu na mifugo ulikuwa unakatika, na wingu jeusi limejilaza upande wa kwao. Alipita mbele ya banda la Wako akiwa ameshapunguza mwendo. Alimwona Wako ameinua mkono. Kisha akatazama lile wingu, akawaza kwamba akikaa hapa mpaka kazi iishe, njia ya kijijini itafunga, naye atabaki upande huu na binti yake upande ule. Akakanyaga mafuta. Alimpigia Wako honi kumwambia kesho.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri Darmi alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na Abdinur akajua kabla hajafika mlangoni. Mkeka wa Abdia ulikuwa mwekundu upande mmoja.

Simu ilishika. Ambulansi ipo, waliambiwa, na inaondoka sasa hivi, lakini haiwezi kuacha lami. Kwa mvua kama hii, ikiingia kwenye udongo mweusi itakwama kabla haijafika popote. "Mleteni lami. Mtatukuta hapo. Na tafadhali, mleteni polepole, asitikiswe."

Asitikiswe! Abdinur alitoka na jeki na spana akajitupa chini ya gari. Alizijua boliti zile, alikuwepo zilipokazwa. Aliishika ya kwanza akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ilikuwa imekula kutu na matope ya Bangale, haikusogea. Akaipiga nyundo. Akavuta tena, spana ikateleza, vidole vikachunika kwenye chuma. Akamlaani Wako kwa kukaza vizuri. Akajilaani mwenyewe. Darmi aliinama akamwona pale chini analia kwa hasira, kama mtu aliyefungiwa ndani ya kisanduku.

"Toka," alisema. "Damu haingoji. Toka tumpeleke hivi hivi."

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuwa wazo la mtu anayelijua gari lake. Likiwa tupu linapiga, likishiba linatulia. Basi alishibishe. Magunia hakuwa nayo, mbuzi wangemkanyaga mgonjwa, lakini watu walikuwepo. Aliita. Na kijiji kile, ukiita kwa ajili ya mgonjwa, hakuna anayeuliza maswali. Wanaume walikuja na mashuka mabegani, wengine bado wanatafuna kijiti cha meno. Aliwapanga mwenyewe, wanene nyuma ya ekseli, wembamba mbele, katikati wakaacha nafasi ya godoro. Abdia akalazwa. Darmi akakaa miguuni pake, Roba kichwani.

Gari likaondoka, na lilikuwa laini. Alhamdulillahi, lilikuwa laini! Lilipita juu ya mizizi na vishimo likashuka na kupanda taratibu, na wanaume waliokaa kingoni walizuia godoro kwa magoti lisiende huku wala huku. Darmi alifungua kiganja chake kilichokuwa kimekunjwa tangu alfajiri. Abdia alifumba macho akasema haumii sana. Kupitia dirisha dogo la nyuma Abdinur aliwaona, na kwa muda wa nusu ya safari alikuwa mtu mwenye furaha. Mkono uliochunika haukumuuma. Alianza hata kuhesabu fadhili za Wako.

Kisha wakafika bondeni.

Ni bonde la kawaida, wakati wa kiangazi huwezi hata kulijua kama ni bonde. Sasa lilikuwa limekunywa maji usiku kucha, na ng'ombe walikuwa wametangulia kupita alfajiri, wakaliacha lote limetobolewa kwato. Ng'ambo yake palianza mwinuko, na juu ya mwinuko, mbali kidogo, malori yalionekana yakipita kwenye lami. Abdinur alisimamisha gari akatoa kichwa nje. Dereva yeyote wa kule anajua la kufanya hapo. Unashusha watu, unavusha gari likiwa jepesi, watu wanavuka kwa miguu, unapakia tena.

Roba alifikiri vivyo hivyo. "Tushuke, baba?" aliuliza, macho chini. Tangu aoe alikuwa hajawahi kumtazama mkwewe usoni, kwa heshima.

Abdinur alitazama mashimo ya kwato, mamia, yamejipanga mpaka ng'ambo. Akalifikiria gari tupu juu ya mashimo yale, na godoro, na kilichokuwa kimeshikilia kwa uzi ndani ya tumbo la mwanawe. Atarushwa. Atamwagika damu yote hapa, kabla hata ya kuufikia mwinuko.

"Kaeni," alisema. "Msishuke hata mmoja."

Lilikwenda vizuri hadi katikati. Ndipo upande wa kushoto ukazama, bila kelele. Alikanyaga mafuta, tairi zikazunguka, matope yakaruka juu ya paa, na gari zima likaketi. Ule uzito alioupanga kwa mikono yake, wanene nyuma na wembamba mbele, uliyazamisha magurudumu mpaka chesisi, uti wa mgongo wa gari, ikalala juu ya udongo.

Wanaume walishuka wakazama hadi magotini. Walisukuma. Gari liliinuka kidogo likaanguka palepale, na kila lilipoanguka, sauti ilimtoka Abdia. Walisukuma tena, na helpa, sasa iliyopunguziwa watu wake, ikamrusha. Walikata matawi wakayaweka chini ya tairi, tairi zikayala. Abdinur alikuwa kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, akili imegota mahali pamoja: mara moja zaidi, mara moja tu zaidi litatoka.

"Acha!" Darmi alipiga paa kwa ngumi. "Acha, unamuua! Zima gari!"

Alizima. Kukawa kimya, na katika kimya hicho alisikia maji yakidondoka kutoka nyuma ya gari. Aliposhuka kutazama, hayakuwa maji.

Roba ndiye aliyesema, si kwa sauti kubwa. "Tumbebe."

Nyuma ya kabini palikuwa na fito ndefu za kuzuia mbuzi. Walizing'oa mbili, wakazifunga kamba na mashuka yao, wakatandika godoro juu, wakamlaza Abdia. Wanne wakaingia chini ya fito, wengine wakasimama kandokando kuwapokea watakaochoka. Wakaenda. Miguu ya watu ilijua kukwepa mashimo ya kwato. Ilipima kabla ya kukanyaga. Mabega yalishuka na kupanda bila kugongana, na godoro halikutikisika. Abdinur alitembea pembeni, ameshika mkono wa binti yake uliokuwa baridi kama maji ya mtungi, akiwatazama wale wanaume. Aliwapakia kama mawe. Walikuja na mabega tangu alfajiri, watu wazima wenye nguvu, wangeweza kuondoka naye kutoka mlangoni kwa mama yake na saa hii wangekuwa wameshafika lami. Babu zake walibeba wagonjwa hivi. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alibeba hivi. Katika kijiji kizima, hakuna aliyelikumbuka jambo hilo, kwa sababu kulikuwa na gari.

Walipoanza kupanda mwinuko Abdia alifumbua macho. Alitazama mawingu, hakuwatazama waliombeba.

"Baba."

"Niko hapa, mama."

"Umezitoa zile springi."

Abdinur alimtazama Darmi. Darmi aligeuza uso.

"Ndiyo," alisema. "Nimezitoa."

"Sasa ni zuri," Abdia alisema. "Linakwenda vizuri."

Hakusema tena. Abdinur aliendelea kumsimulia, hajui asimame wapi. Alimwambia Wako amezitupa mbali chuma zile, gari halitabeba tena mbuzi wala magunia, atakuwa anamzungusha yeye na mtoto tu, Kipini, Kulesa, kokote atakako. Aliongea mpaka ambulansi ikaonekana, taa yake inazunguka, na muuguzi aliyevaa mabuti ya mpira anakuja mbio kuwapokea. Aliongea wakati muuguzi ameweka vidole shingoni mwa Abdia. Aliongea muuguzi alipoinama kuweka sikio tumboni. Roba ndiye aliyemshika bega akamtikisa kidogo, kumnyamazisha.

Muuguzi alibaki amepiga magoti. "Poleni," alisema. "Poleni sana. Wote wawili."

Magari yalipita kwenye lami, moja likapiga honi kuwataka wasogee. Darmi alivua mtandio wake wa juu akamfunika mwanawe kuanzia kichwani, akaunyoosha mikunjo kama anayetandika kitanda cha mgeni. Hakupiga yowe. Abdinur alitamani apige, amtukane, amrarue shati mbele za watu, apate pa kuanzia. Darmi alimaliza kunyoosha, akawaambia wanaume, "Turudi naye nyumbani."

Waligeuza machela. Waliochoka wakatoka, wengine wakaingia. Upande wa nyuma, kushoto, mtu mmoja alikuwa anajifuta matope mkononi na ufito umebaki bila bega. Abdinur akasogea. Hakufikiri, mwili wenyewe ulikwenda. Aliinama, akaushika ufito kwa ule mkono uliochunika, akataka kuuweka begani.

Mkono mwingine ukauwahi. Ulikuwa wa Roba. Kijana yule mtulivu, ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele ya wakubwa, aliinua macho akamtazama mkwewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Hapana, baba," alisema. "Wewe umeshambeba."

Abdinur aliuachia ufito. Wanaume wakainua, wakashuka mwinuko kuelekea bondeni, na yeye akawafuata kwa nyuma.